Watano Kwenye Kitabu cha Lango

Absalom alikunja waya wa mtego wa mwisho jua likizama, akaketi chini ya mti wa mugumo, akawalaani wenzake mmoja mmoja, kwa majina.

Walitakiwa kuwa watano. Usiku uliopita wote waliandika kwenye WhatsApp, "Niko ndani!" Asubuhi Githinji akashikwa na kiuno, Warigia na wageni, Ngigi na mvua ambayo haikunyesha. Wanja hakushika simu. Na sharti la kujitolea ndani ya hifadhi lilikuwa moja: kikundi kisipofika watano, kibali kinafutwa. Kikifutwa, nani atang'oa mitego ya paa? Nani atautunza mugumo, mti ambao wazee walichinja kondoo na kuombea mvua chini yake?

Basi Absalom, aliyewahi kuvusha lori mipaka sita kwa ulimi tu, alisubiri Musembi wa langoni ageukie chai yake. Akaandika majina yote matano kitabuni.

"Wengine wanakuja nyuma," alisema.

Sasa mgongo ulimuuma kwa niaba ya watu watano. Mitego kumi na tisa, peke yake! Kwa hasira akasimama, akaita majina kama mwalimu wa darasa la nne.

"Githinji!"

"Niko," akajijibu kwa sauti nzito.

"Warigia!"

"Niko," nyembamba.

Akamwita Ngigi, akamwita Wanja, akawajibia. Akajicheka.

"Absalom!"

Kabla hajafungua mdomo...

"Niko."

Sauti yake mwenyewe. Nyuma ya shina.

Ndege wakanyamaza. Ikaja harufu ya mafuta ya kondoo yanayoungua, na hakuna aliyewasha moto.

Alinyakua gunia la mitego, akateremka mbio, kitambi mbele. Nyuma yake, hatua... Akisimama, zinasimama. Kisha zikampita kupitia vichakani, hatua za watu kadhaa, na waya ukilia. Cheng... cheng...

Gunia lake lilikuwa jepesi. Tupu.

Langoni, Musembi alikuwa ameshafunga.

"Fungua, bwana. Mimi ni Absalom. Si ulinipa kalamu asubuhi?"

Musembi alimmulika usoni kupitia vyuma, akapekua kitabu. "Absalom ametoka sasa hivi, na wenzake wanne. Wachapakazi kweli! Ona."

Chini palikuwa na waya, mitego kumi na tisa, imefungwa vizuri. Kitabuni, sahihi tano. Ya mwisho ilikuwa na ule mkia ambao Absalom hujivunia.

"Waliingia watano, wametoka watano. Wewe, mzee, nikuandike nani?"

"Aki, Musembi, niandike mjinga!"

"Ngoja hapo ndani, nimpigie mkubwa."

Absalom akampigia mkewe aliyekuwa nyumbani, mjini Kiganjo.

"Nafuna, ni mimi..."

"Wewe nani?" alinong'ona. "Namba ni ya Baba Cindy, lakini Baba Cindy amefika. Ananuka moshi. Hajafanya mzaha hata mmoja."

"Nafuna! Toka hapo nyumbani!"

 Kijiko kikagonga sahani.

"Anasema usijali," Nafuna akanong'ona. "Anasema amengoja sana mtu wa kumshikia zamu, pale mtini."

Simu ikakatika.

Huko juu, gizani, mtu akaanza kuita majina. Githinji. Warigia. Ngigi. Wanja. Kila jina likajibiwa.

Likaja la tano.

Absalom akaushika ulimi wake kwa meno. Ule ule wa mipaka sita.

Likaitwa tena... karibu zaidi.