Rufaa Juu ya Namba Moja

Kila siku kabla jua halijapasha moto mji wa Sumbawanga, Klementina alikuwa ameshachota maji, amefagia uwanja na kumwachia mama yake uji jikoni. Kisha alitoka nyumbani kwao Chanji na mpira wa kikapu uliolika mpaka ukawa laini kama kibuyu, akaudunda njia nzima mpaka shuleni. Baridi ilimuuma vidole, lakini alidunda kwa mkono wa kushoto tu. Mkono wa kulia, alisema, umeshajua kazi.

Alikuwa na miaka kumi na minne, yuko kidato cha pili, na alitaka jambo moja tu: kuwa namba moja wa timu ya wasichana ya shule yake. Katika mpira wa kikapu namba moja si lazima awe mrefu wala mfungaji hodari. Ni yule anayeuleta mpira kutoka nyuma, akatazama wenzake wanne wako wapi, akaamua nani apewe. Akikosea yeye, timu nzima imekosea. Nafasi hiyo ilishikwa miaka mitatu na Skolastika, naye alikuwa amemaliza kidato cha nne. Kila mtu shuleni alijua kwamba msimu unaokuja nafasi ni ya Klementina. Klementina mwenyewe alijua kuliko wote.

Mwezi wa Januari akaja Mboje.

Mboje alikuwa mfupi, mpana wa mabega, mtoto wa wafugaji waliohamia Mtowisa, bonde la Rukwa, kutoka Usukumani. Baba yake, Mzee Limbu, alimleta mjini akae kwa mjomba wake na kusoma. Kikapu alijifunzia huko bondeni, ambako mwalimu mmoja alipigilia ukingo wa gurudumu la baiskeli kwenye nguzo. Pete ile ilikuwa pana, kila mtu alifunga, kwa hiyo hakuna aliyesifiwa kwa kufunga. Aliyesifiwa ni aliyempa mwenzake mpira mahali pazuri.

Siku ya kwanza ya mazoezi Klementina alimtazama kuanzia viatu vya plastiki mpaka kichwani, akamwambia mbele ya wote, "Dada, hapa si malisho."

Wasichana wakacheka. Mboje hakuona haya.

"Nyumbani nachunga ng'ombe mia," alisema, "na kila mmoja najua yuko wapi. Nyie wanne mtanishinda?"

Wakacheka tena, zaidi ya mara ya kwanza, na safari hii hawakumcheka Mboje. Tangu dakika ile Klementina alimchukia.

Mwalimu wa michezo aliitwa Raymond. Zamani aliwahi kucheza namba moja chuoni, na hakuwa mtu wa kubembeleza. Kwa wiki sita aliwapanga wasichana hao wawili wakabane wao kwa wao. Walikabana kwa viwiko, kwa magoti, kwa kukanyagana vidole. Klementina alimpita Mboje mara nyingi. Kwa kudunda mpira hakuwa na mpinzani. Lakini akishampita aliendelea kwenda peke yake mpaka akutane na mikono mitatu. Mboje hakumpita mtu. Alisimama, akatazama, akatoa mpira, na mwenzake akafunga.

Mwishoni mwa Machi mwalimu aliwakusanya akawaeleza hali ya timu kwa msimu. Alisema warefu wapo, wafungaji wapo, na namba moja wapo wawili, jambo ambalo shule nyingi zinalililia. Mboje ataanza. Klementina atakaa benchi na kuingia Mboje akichoka.

Klementina aliuliza kwa nini.

"Kwa sababu ukishaupata mpira huuachii," mwalimu alijibu. "Kaa benchi ujifunze kutazama."

Nahodha wao, Rhoda, msichana mrefu wa kidato cha tatu, alijaribu kumfariji akamwambia mwaka kesho haupo mbali. Klementina aliutoa mkono wa Rhoda begani kwake akaondoka bila kuaga.

Jumapili iliyofuata, baada ya misa, aliazima simu ya mama yake akisema anataka kumsalimia Anjela. Anjela alikuwa mtoto wa shangazi yake, akisoma Namanyere na kuichezea shule yake. Shule hizo mbili zilikuwa zikutane kwenye mashindano ya mkoa, mjini Sumbawanga, mwanzoni mwa Mei. Klementina hakusalimia sana. Aliandika hivi: "Namba moja wetu mpya ni mamluki. Si mwanafunzi wetu. Ameletwa kucheza tu."

Mamluki ni mchezaji wa kuazimwa, anayevalishwa jezi ya shule asiyosoma. Katika michezo ya shule hakuna tuhuma inayochoma kama hiyo. Anjela aliuliza kama ana uhakika. Klementina akaandika kwamba anao, akaufuta ujumbe kwenye simu ya mama yake, akaenda kumenya viazi.

Uhakika alikuwa nao kweli, ila wa kinyume chake. Mboje alisoma darasa moja naye. Klementina alikuwa kiranja wa darasa hilo, na kila asubuhi mwalimu wa darasa alimpa rejesta asome majina. Jina la Mboje Limbu lilikuwa la kumi na saba. Alilisoma yeye mwenyewe siku zote za shule, na Mboje akaitika siku zote, hata siku aliyokuwa na malaria. Kilichokosekana ni barua ya uhamisho tu, ambayo shule ya bondeni ilikuwa haijaileta kwa sababu mvua ilikata barabara ya Mtowisa.

Hesabu ya Klementina ilikuwa fupi. Wenzao wa Namanyere watalalamika, Mboje atatolewa, nafasi itabaki wazi, naye ataingia. Hakuona ubaya mwingine wowote. Mtu mwenye wivu huona hatua moja mbele, basi.

Siku ya mchezo upepo ulikuwa mkali, vumbi linaruka juu ya uwanja wa saruji iliyopasuka. Wasichana wa Namanyere walicheza kwa ugomvi. Walimsukuma Mboje, walimvuta jezi, na mmoja alimwita muuza maziwa kila alipompita. Mboje aliendelea kugawa mpira. Klementina alikaa benchi na kuomba Mboje ateleze. Hakuteleza. Timu yao ilishinda arobaini na moja kwa thelathini na tatu, na wenzake walipokimbilia katikati kushangilia, Klementina alijifanya anafunga kamba za viatu.

Kelele hazijaisha, mwalimu wa Namanyere alikwenda kwenye meza ya waamuzi na karatasi. Alikuwa anakata rufaa.

Kamati ya mashindano ilikaa saa nane kwenye darasa moja. Mwenyekiti alikuwa Mama Victoria, mwalimu mzee mwenye miwani, aliyesimamia michezo ya shule tangu wazazi wa wasichana hawa wakiwa wanafunzi. Timu zote mbili ziliitwa ndani. Mwalimu wa Namanyere alisema namba moja wa wapinzani wake ni mamluki, na habari hiyo wameipata kwa mtu wa ndani ya timu hiyohiyo. Akainua simu kuonyesha ujumbe, ila jina la aliyeuandika akakataa kulitaja, kwa kuwa alimwahidi mchezaji wake. Anjela, aliyekaa nyuma yake, aliinamisha kichwa.

Mama Victoria aliomba barua ya uhamisho. Mwalimu Raymond alieleza habari ya mvua na barabara. Mwenyekiti alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema barabara mbaya anaijua, lakini mamluki pia anawajua, na wote huja na hadithi ya barua iliyo njiani. Halafu akasoma kanuni kwa sauti ya kawaida kabisa. Timu ikithibitika imechezesha mamluki, haimpotezi mchezaji huyo peke yake. Inapoteza mchezo, inatolewa kwenye mashindano, na mwaka unaofuata hairuhusiwi kushiriki.

Klementina hakuijua kanuni hiyo. Alidhani rufaa huchomoa mtu mmoja kama unavyochomoa magugu. Kumbe hung'oa shamba zima, na namba moja aliyekuwa anaitamani haikuwepo tena, si mwaka huu wala mwaka kesho.

Nyuma yake wasichana walianza kuulizana nani msaliti. Mmoja akamtaja Rhoda, eti anajuana na watu wa Namanyere. Rhoda akageuka akamwambia rudia hilo neno tukitoka nje. Mwalimu Raymond akawaamuru wanyamaze. Mboje alikuwa amesimama peke yake mbele ya meza, mikono imelegea.

"Baba alisema nikipata kesi yoyote mjini, ananirudisha," alimwambia Mama Victoria. "Naomba muandike kwamba mimi nasoma. Mkinitoa kwenye mpira nitoeni, lakini andikeni kwamba nasoma."

Mama Victoria alisema kamati haiandiki maneno bila ushahidi. Akachukua kalamu.

Klementina alisimama. Sauti ilimtoka nyembamba kuliko alivyotaka.

"Ujumbe ni wangu," alisema. "Nilidanganya."

Mama Victoria alimwambia asogee mbele, kisha akamuuliza kama alidanganya alipoandika, au anadanganya sasa ili kuiokoa timu. Lilikuwa swali la haki, na lilimuuma. Klementina alijibu kwamba yeye ni kiranja wa darasa, kwamba jina la Mboje ni la kumi na saba kwenye rejesta tangu Januari, na kwamba analisoma yeye kila asubuhi. Akasema rejesta ipo shuleni, wakaitazame.

"Na kwa nini uliandika uongo huo?"

"Nilitaka nafasi yake."

Rejesta ililetwa. Mama Victoria aliifungua ukurasa baada ya ukurasa, akapitisha kidole mstari wa kumi na saba, akampa mwalimu wa Namanyere naye apitishe chake. Mwalimu yule alitazama, akasema yeye alikuja na alichoambiwa. Rufaa ikatupwa. Shule ya Mboje ikapewa wiki mbili kuleta barua, na ushindi ukabaki. Mboje aliomba tena iandikwe kwamba yeye ni mwanafunzi, na safari hii iliandikwa, ikapigwa muhuri.

Nje hakuna aliyemshukuru Klementina. Wasichana walimpita kama wanavyopita jiwe. Rhoda alisimama mbele yake akamwambia kwamba angeshutumiwa yeye mpaka amalize shule, na Klementina angekaa kimya akila chakula naye meza moja. Klementina alijua ni kweli, maana kama kanuni ingekuwa laini zaidi, angekaa kimya.

Alimfuata Mboje, aliyekuwa anafunga mkoba, akamwambia samahani.

"Samahani yako nitaifanyia nini?" Mboje alisema bila kuinua uso. "Kila asubuhi unaniita, naitika. Halafu unasema sipo." Akabeba mkoba akaenda.

Mwalimu Raymond alimkuta Klementina amekaa peke yake pembeni ya uwanja akilia. Hakumbembeleza. Alisubiri amalize, akamwambia ainuke, kwani maneno anayotaka kumwambia husikilizwa kwa kusimama.

"Shikamoo, Mwalimu," Klementina alisema kwa kukosa neno lingine.

"Marahaba. Sasa sikiliza. Kusimama mle ndani kulihitaji moyo, na hilo nimeliona. Lakini usijidanganye kwamba limefuta lile la kwanza. Ulisema kweli uongo ulipokugeukia wewe. Siku nyingine sema kweli kabla uongo haujakuuma, ndipo utaitwa mkweli."

Klementina aliuliza kwa sauti ndogo kama ametolewa kwenye timu.

"Msimu huu huvai jezi. Mazoezini utakuja kila jioni umkabe Mboje, kwa sababu hakuna anayekaba kama wewe, na yeye anahitaji mtu wa kumsumbua. Hatakupenda. Hata wenzako hawatakupa mpira kwa muda mrefu. Utakuja hivyohivyo."

"Na mwaka kesho, Mwalimu?"

Mwalimu Raymond alitazama uwanjani, ambako wasichana, na Mboje kati yao, walikuwa wameanza kurushiana mpira.

"Nitakwambia kazi ya namba moja ni nini, maana naona hata mimi sikukufundisha vizuri," alisema. "Ukishaushika mpira, wenzako wanne wanakupa mgongo na kukimbia mbele. Hawageuki kukuangalia. Wanakimbia kwa sababu wanaamini mpira uko salama nyuma yao. Kudunda unajua, mbio unazo. Lakini leo ukiushika mpira, nani kati yao atathubutu kukupa mgongo? Imani ya watu hupotea kwa ujumbe mmoja wa simu, na kurudi hurudi kwa kazi ya siku nyingi. Siku nitakapowaona wanakimbia bila kugeuka, wewe ukiwa na mpira, sitahitaji kukutangaza. Watakuwa wameshakuchagua wao."

Alimwelekeza uwanjani kwa kidevu. Klementina alijifuta uso kwa kiganja, akaingia, akasimama mbele ya Mboje na kufungua mikono kumkaba. Mboje alimtazama kwa macho makavu, akamwonyesha kulia, akatoa mpira kushoto, na Rhoda akafunga.