Kipande cha Obedi

Kila asubuhi kabla ya shule Obedi alikuwa na kazi mbili: kupeleka punda kisimani na kuchimba mtaro. Ya kwanza aliipenda, kwa kuwa punda walijua njia na yeye alipiga mluzi tu. Ya pili aliichukia kuliko mboga ya mlenda iliyolala.

Mtaro ulikuwa habari ya kijiji kizima cha Chihemba. Miaka hiyo serikali ilikuwa ikitandaza mkongo wa mawasiliano chini ya ardhi, kando ya barabara ya Mpwapwa, ili intaneti isiishie kwa wakubwa wa mjini. Kijiji ambacho kingechimba mtaro wake kutoka barabarani hadi shuleni kingeunganishwa bure. Chihemba wakakubali kwa vigelegele, na kila kaya ikapewa kipande chake, kutoka kigingi hadi kigingi. Baba yake Obedi alikuwa mbali akichunga ng'ombe, mama alikuwa na mtoto mchanga. Kipande kikamwangukia Obedi, mwanafunzi wa darasa la saba mwenye mabega mapana na uvivu mpana zaidi.

Wakati wa kiangazi ardhi ya huko ni tofali. Mtaro ulitakiwa umfikie mtu mzima kifuani. Haukupita muda viganja vya Obedi vikatoka malengelenge, na mikono ilipogoma, akili ikaanza kazi. Aliona kwamba fundi Zaitun, mama wa kutoka Dodoma aliyesimamia mradi, hutumbukiza ufito wake wa kupimia kina penye vigingi tu. Tena kila kaya ilifunika mtaro wake kwa matawi ya miiba ili mbuzi wasitumbukie, kwa hiyo katikati hapakuonekana kitu. Obedi akachimba mashimo mawili marefu penye vigingi viwili. Katikati akakwaruza kina cha shibiri moja, akatandaza miiba.

"Safi sana, mwanangu," alisema fundi Zaitun, ufito ulipozama wote.

Siku ya kulaza waya wa mkongo kila kaya ililaza na kufukia kwake. Obedi alimaliza kabla ya wote, na mwenyekiti wa kijiji, Mzee Matonya, akamsifu mbele ya watu.

Kompyuta zikawashwa shuleni. Watoto waliona twiga wa nchi yao wenyewe kwa mara ya kwanza, wakapiga kelele hadi mwalimu mkuu, Mwalimu Optatus, akaziba masikio. Kisha mvua zikaanza, watu wakaenda mashambani.

Debora alisoma darasa moja na Obedi. Aliishi na bibi yake, Bibi Anyesi, na shamba lao la karanga lilipitiwa na mtaro. Asubuhi moja, akilima, jembe lake liligonga kitu cheusi, kikakatika. Hakufukia wala hakukimbilia nyumbani. Alikwenda moja kwa moja ofisini kwa mwalimu mkuu.

"Shikamoo, Mwalimu. Nimekata waya. Sikujua kama uko juujuu vile."

Hayo ndiyo malipo ya mkweli: alichapwa viboko mstarini, mbele ya shule nzima. Jembe la kulimia haliwezi kufika kina cha kifua cha mtu mzima, walisema, kwa hiyo huyu alifukua makusudi. Ikavumishwa kwamba alitaka shaba ya kuwauzia wafua bangili. Waya ule haukuwa na shaba hata chembe, ndani ulikuwa na nyuzi nyembamba za kioo, lakini nani alitaka kusikia? Wakati wa mapumziko watoto walimzunguka wakiimba, "Debora mla waya, mkia wa panya!" Wimbo huo aliutunga Obedi. Aliogopa, na mwoga akipata wa kumcheka huona amepona.

Jioni kukawa na baraza. Mzee Matonya alimwita Obedi asimame.

"Kipande kile kinachopita shambani kwa Bibi Anyesi ni cha kwenu. Ulifikisha kina?"

"Nilifikisha, mzee. Fundi alipima."

"Basi neno limekwisha."

Bibi Anyesi alitozwa mbuzi. Alikuwa naye mmoja tu, jike mwenye maziwa. Mbuzi huyo alichinjwa palepale kama ilivyo desturi ya faini, akachomwa, akaliwa na baraza. Obedi, kwa kuwa alikuwa shahidi mwema, alipewa kipande cha ini. Akakila. Debora alikuwa amesimama pembeni na bibi yake, akimtazama anavyotafuna.

Kesho yake fundi Zaitun alirudi kutengeneza waya. Watu wakakusanyika shambani. Alifukua penye kigingi, akatumbukiza ufito. Ukazama wote.

"Hapa kina kipo," alisema kwa huzuni. "Kama waya ulikuwa chini hivi, basi mtoto huyu alikusudia."

"Nimeshasema," alisema Mwalimu Optatus. "Debora, kuanzia leo huna shule hapa. Mwizi hafanyi mtihani na wenzake."

"Mwalimu, nililima tu," alisema Debora. "Nililima kama bibi alivyonifundisha."

"Nyamaza! Shika jembe, ufukue kipande kizima peke yako, ili fundi avute waya mwingine."

Debora akashika jembe. Alipoinua mikono, blauzi iliyokuwa imegandamana na vidonda vya viboko ilibanduka mgongoni, akauma meno. Kijiji kizima kilitazama, na hakuna aliyesogea. Ndipo Obedi akalikumbuka lile ini. Kunyamaza kidogo tu, na hakuna ambaye angejua kamwe.

"Asichimbe!" alipiga kelele. "Katikati hapakuchimbwa. Nilichimba penye vigingi tu. Nilidanganya."

Watu wakaguna. Fundi Zaitun akaenda katikati, akasukuma ufito. Ulizama kidogo ukagota kwenye ardhi ngumu, ambayo ilikuwa haijawahi kuguswa na jembe.

"Mtoto alisema kweli," alisema. "Mimi ndiye niliyepima kivivu. Na ninyi mmempiga."

Mwalimu Optatus aliinamisha kichwa. Alimwomba Debora radhi palepale, akamrudisha shule. Obedi alichimba kipande chote peke yake, mchana kutwa, safari hii hadi kifuani. Watoto wa Chihemba hawakuwa na huruma hata hapo: wimbo ni uleule, jina tu walibadilisha. Waya ukavutwa, kompyuta zikawaka tena.

Baba yake Obedi aliporudi na ng'ombe hakumchapa. Alichagua mbuzi jike aliye bora zizini, akampa Obedi kamba, wakaenda pamoja kwa Bibi Anyesi. Debora alikuwa amelala kifudifudi juu ya mkeka, bibi akimkanda mgongo kwa maji ya vuguvugu.

"Shikamoo, bibi. Nimeleta mbuzi," alisema Obedi. "Naomba mnisamehe."

"Marahaba. Mfunge pale." Bibi Anyesi hakuinua uso. "Obedi mjukuu wangu, uvivu ni kosa dogo. Ulishika jembe, ukafuta kosa hilo kwa siku moja. Ulipomwona mwenzako anapigwa kwa ajili yako ukanyamaza, hilo ni kosa jingine. Na mbuzi nimelipwa, sawa." Akakamua kitambaa, akakiweka tena taratibu kwenye kidonda. "Viboko hivi utamlipa Debora kwa kitu gani?"

Obedi alisimama mlangoni na kamba mkononi. Debora aligeuza uso wake ukutani.