Hamira na Kipimo cha Pumzi

Mume wangu ni mwoka mikate. Anatoka nyumbani alfajiri na kurudi saa nane mchana, mweupe kwa unga kuanzia nyusi mpaka viatu. Mtaani wanamwita Hamira, kwa sababu ukimchokoza kidogo tu anaumuka. Mimi ni mshonaji. Cherehani yangu iko sebuleni, karibu na mlango, kwa hiyo namsikia kabla sijamwona.

Mwaka jana nilianza kumsikia akiwa bado kwenye ngazi. Kwanza kikohozi kikavu, halafu kifua kinapiga filimbi. Akiingia tu anakaa kwenye kiti cha kwanza anachokiona.

"Ni mafua haya," anasema.

"Mafua gani ya miezi mitano?" namuuliza. "Hata mafua yana aibu, bwana!"

Siku za mapumziko alikuwa mzima kabisa. Alibeba ndoo za maji mpaka ghorofa ya tatu huku akipiga soga. Akirudi kazini siku mbili, mambo ni yale yale. Nisameheni, mimi nilidhani ni uvivu wa kazi.

Siku moja alifika mlangoni akashindwa hata kusema hodi. Wifi yangu, dada yake mkubwa, alikuwa amekuja kupimwa gauni. Yeye ana pumu tangu utotoni.

"Hii naijua," wifi alisema. "Nenda hospitali ukapimwe pumzi. Wana mashine."

"Wakisema nina pumu, bosi ataniondoa," Hamira alijibu. "Nimeoka mikate miaka kumi na tisa. Sijui kazi nyingine. Mnataka nikashone sketi na mke wangu?"

"Sketi zangu huziwezi," nikamwambia.

Alicheka kidogo, lakini macho yake hayakucheka. Mume wangu aliogopa kupoteza kazi yake kuliko alivyoogopa ugonjwa. Nilimhurumia sana. Nilimsihi siku nne, na siku ya tano akakubali.

Hospitali tulimkuta mpimaji, mama mfupi mwenye sauti kubwa. Alimbana Hamira pua kwa kibanio, akampa bomba lililounganishwa na mashine.

"Vuta hewa mpaka kifua kijae," alisema. "Haya, puliza! Kwa nguvu! Endelea, endelea, usiache, mpaka iishe yote!"

Hamira akapuliza mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Alirudia mara tatu. Kwenye kioo cha mashine ulionekana mstari unaopanda.

"Safi. Unapuliza vizuri kabisa," mpimaji alisema.

Hamira akanitazama kwa maringo. Mimi nikashangaa. Jana tu kifua kilikuwa kinalia!

Mpimaji alikuwa anamtazama mikono. "Kaka, mbona vidole vinatetemeka? Leo umetumia dawa yoyote?"

"Hapana, dada."

Mimi ni mshonaji, najua mfuko mtupu unavyokaa. Mfuko wa shati lake ulikuwa umevimba. Nikaingiza mkono. Loo! Dawa ya kuvuta ya wifi!

"Niliichukua kwa dada kisirisiri, nikavuta mara nne tu," Hamira alisema kwa sauti ndogo. "Nilitaka nifaulu."

Mpimaji alicheka mpaka akakaa. Kisha akawa makini.

"Kaka yangu, hapa hakuna kufaulu wala kufeli. Pumu inabana mirija inayopitisha hewa kifuani. Dawa hii inaifungua kwa muda, na ndiyo inayokutetemesha vidole. Umekuja mirija ikiwa wazi, sasa mimi nitaona nini? Halafu dada yako akibanwa saa hii, atavuta nini?"

Tulikwenda moja kwa moja kumrudishia wifi dawa yake. Maneno aliyotupa siyaandiki hapa.

Tuliambiwa turudi baada ya siku tatu, bila dawa. "Lakini ukibanwa sana, usisubiri kipimo," mpimaji alisisitiza. "Njoo mara moja utibiwe."

Mara ya pili Hamira alipuliza kwa nguvu zake zote, lakini mstari ulikuwa mfupi. Mpimaji akampa dawa ya kuvuta. Tukasubiri robo saa. Akapuliza tena, na mstari ukapanda juu zaidi.

"Mmeona tofauti hiyo?" alituuliza. "Mirija ilibana, dawa ikaifungua. Hiyo ni dalili kubwa ya pumu."

Daktari alisoma majibu, akakubali kwamba ni pumu. Akauliza, "Unabanwa zaidi siku gani?"

"Siku za kazi!" nikadakia kabla mwenyewe hajafungua mdomo.

Daktari akampa dawa mbili za kuvuta. Moja ni ya kuzuia, ya kila siku, na akishavuta asukutue mdomo. Nyingine ni ya kufungua kifua kikibana. Akampa pia kipimo kidogo cha mkononi, chenye mshale unaosogea ukipuliza.

"Puliza mara tatu, andika namba kubwa kuliko zote," alisema. "Asubuhi, ukiwa kazini, na jioni. Siku za mapumziko pia. Usinidanganye."

"Hatadanganya," nikasema. "Nitakuwepo."

Tulibandika karatasi ukutani, juu ya cherehani yangu. Siku za mapumziko aliandika mia nne themanini, mia nne tisini. Siku za kuchanganya unga aliandika mia tatu hamsini, mia tatu thelathini. Baada ya wiki nne, hata mtoto angeona tatizo liko wapi.

"Ni vumbi la unga," daktari alisema.

"Kwa hiyo niache kuoka?" Hamira aliuliza.

"Wengine hulazimika kuacha. Kwanza tukuweke mbali na vumbi kwa miezi mitatu. Namba zikipanda, sawa. Zikiendelea kushuka, itabidi uache kabla mapafu hayajaharibika."

Nilikwenda naye kwa bosi wake. Bosi alizisoma karatasi zote.

"Hamira, mbona hukuniambia?"

"Niliogopa, bosi."

"Uliogopa nini? Wewe ukianguka, nani atanisimamia tanuri?"

Akamtoa chumba cha kuchanganyia unga, akamweka kwenye tanuri. Mashine ya kuchanganyia ikatiwa kifuniko. Ufagio ukapigwa marufuku, sakafu ikawa inafutwa kwa matambara mabichi. Wafanyakazi wote wakapewa barakoa maalumu. Nilikuwa nimejitolea kushona za kitambaa, daktari akasema unga laini unapenya. Nilinuna kidogo, kusema kweli.

Wiki mbili za mwanzo namba hazikupanda vizuri. Hamira hakula, na mimi nilishona mikono ya shati kinyume. Wiki ya tatu mshale ulifika mia nne kumi. Kisha mia nne arobaini. Nikaogopa kufurahi.

Miezi mitatu ilipotimia, Hamira alipuliza tena kwenye mashine kubwa. Daktari alizipanga karatasi zetu mezani, akazipitia moja moja. Nilishika kiti kwa mikono miwili.

"Siku za kazi mia nne sabini. Siku za mapumziko mia nne themanini," alisema. "Zinakaribiana. Endelea kuoka. Dawa ya kuzuia usiiache hata ukijisikia mzima, na kupima tutaendelea kupima."

Hamira alifunika uso kwa viganja, akaanza kulia. Alilia kwa sauti, mtu mzima, mbele ya daktari.

"Baba watoto!" nikamwambia. "Umepewa habari njema, unalia nini?"

"Niache nilie, mama watoto," akasema. "Pumzi ninayo."