Vidole Ndani ya Kola

Nilikuwa nakuna nazi uani, kifuu cha pili kimefika nusu, mwanangu Mwajabu alipoingia mbio.

"Mama, baba kaanguka mnazini. Shingo imekaa upande."

Mume wangu, Rehani, alikuwa mkwezi hapa Mlingotini. Siku ile aliangua nazi za khitma ya jirani yetu, marehemu Majaliwa, kwenye mnazi wa marehemu mwenyewe. Shinani palikuwa na kago, tambara jekundu la uganga la kuzuia wezi. Desturi ni mwenye mnazi alifungue kwanza, ndipo mkwezi apande. Lakini Majaliwa alikuwa kaburini, na mjane wake, Somoe, alimwambia Rehani, "Panda tu. Kago hufa na mwenyewe."

Hospitalini Bagamoyo walimvisha kola ya ngozi ngumu iliyofika kidevuni, mikanda ikifungwa nyuma. Mganga alisema pumzi itakuwa nzito kidogo. Maadamu vidole vyangu viwili vinapita kati ya ngozi na koo, nisihofu. Ila asiivue, shingo isije ikakatika.

Nyumbani Rehani akaanza mzaha. "Nimekuwa Bwana Shauri wa boma. Kidevu juu, siwaoni mlioko chini."

"Haya, Bwana Shauri, meza uji wako."

Alasiri ya siku ya khitma akaanza kukoroma, macho wazi. Midomo ikawa ya zambarau. Nikapitisha vidole. Vikapita. Kola haikubana.

Ndani mlikuwa na vidole vingine.

Vya baridi. Vinene. Vimelizunguka koo lake. Kimoja kikakikamata changu, kikakipinda nyuma mpaka kikalia kama kijiti. Rehani alirusha miguu, akavunja mtungi. Damu ikamtoka puani.

"Mwajabu, kisu! Kisha kamwite Bi Somoe. Mwambie afungue kago."

Nikikata, huenda shingo ikavunjika. Nisipokata, anakufa. Nikakata. Mkanda wa kwanza. Wa pili. Kisu kikazama kwenye nyama. Haikuwa nyama yake. Ilitoka damu nyeusi yenye harufu ya udongo.

Kola ikaanguka. Koo likabaki limebonyea. Hapakuwa na mkono.

Somoe akatokea mlangoni akihema, tambara jekundu kiganjani.

"Nimelifungua," alinong'ona. "Majaliwa, mwache mtoto wa watu. Niliyemtuma ni mimi."

Koo likarudi lilivyokuwa. Rehani akavuta pumzi kwa kishindo, akalia.

Baada ya magharibi nilipakua wali kwenye sinia, nikaufunika. Wote tulikuwepo: Rehani ameegemea ukuta, shingo nimemkazia kwa kanga; Mwajabu; Somoe, aliyeogopa kurudi kwake; na mimi, kidole kimefungwa kijiti. Hakuna aliyekuwa amenawa.

Nikafunua kawa. Upande wa Somoe wali ulikuwa umeshachotwa. Vidole vilikuwa vimechimba mpaka chini ya sinia, na kwenye mitaro yake damu nyeusi ilikuwa bado mbichi.