Kaseti ya Mama Samira

Munisamehe, hii hadithi nitaiharibu. Mi nimezoea kuchekesha bantu, si kubatetemesha.

Mwaka 1999 rafiki yangu Norbert alikuwa anarekodi hadithi kwenye kaseti pale Baraka, mji wa kando ya ziwa, ili waliokimbia vita kwenda ng'ambo wasikie za nyumbani. Mama Samira alimpa moja kwa Kiswahili cha kwao Ubwari, kile cha kuvuta maneno kama wavu uliojaa. Norbert akaionea aibu lafudhi hiyo. Akaifuta, akajirekodi mwenyewe kama mtu wa redio.

Mama alipojua, alimwambia tu: "Mwanangu, anayenifuta ataniitikia."

Wiki ile ile vita vikamuua. Kwenye matanga, binti yake Latifa akaomba: "Kaka, tuwekee sauti ya mama, hata kidogo." Norbert hakuthubutu kukiri. Akajifungia chumbani, madirisha yamezibwa, na humo gizani akarekodi akimwiga marehemu.

Alipobonyeza kitufe cha kuicheza mbele ya waombolezaji, kwanza kilisikika kivumo tu. Kisha ikatoka sauti, na haikuwa yake.

"Muko?" ikauliza, kama mama alivyoanza kila hadithi.

"Tuko!" wakaitika, huku wakilia.

"Mulionifuta, muko?"

Norbert akajiziba mdomo kwa mikono miwili. Humo ndani ya kaseti, mwanaume akaitika: "Niko!"

Kaseti hiyo aliniletea mjini Uvira niisikilize. Mi ndiye niliyemwambia, kabla hajaifuta ile ya kwanza, "Futa huyo mama, bantu batatucheka." Na ile sauti iliyoitika, jamani, ni yangu.