Mkongo wa Mama

Kila asubuhi kabla ya shule, Hanifa alimchemshia bibi yake uji, kisha akapitia msituni kuutazama mkongo. Mama yake aliupanda pale, pembeni mwa kijiji cha Nyamwage, baada ya moto kuunguza msitu. Mwaka uliofuata mama akafariki. Sasa mti ulimfika Hanifa mabegani. Wanafunzi wa Mwalimu Salwa waliupima kila muhula pamoja na machipukizi mengine, ili wajue msitu ulioungua unarudije.

Msimu huo bibi alishikwa na homa. Shamba lao lilikwisha kufyekwa, na mabiwi ya matawi yalikuwa yamekauka, yakingoja kuchomwa.

"Usiguse kiberiti," bibi alimwambia. "Kwanza tufyeke njia ya moto kuzunguka shamba, tuifagie mpaka udongo uonekane. Kisha tuite majirani."

Hanifa alitaka bibi apone akute kazi imekwisha. Jumamosi, jua likiwa kali, akawasha peke yake. Njia hakuifyeka, aliona ni kujichosha bure. Upepo ukageuka, moto ukaruka mpaka ukaingia msituni. Majirani waliupiga kwa matawi mabichi hadi ukazimika, lakini mkongo ulibaki kijiti cheusi.

"Nani kachoma?" Mwalimu Salwa aliuliza.

"Mie, mwalimu. Nimeuua mti wa mama." Hanifa alilia hadi kwikwi ikamshika.

"Tungoje mvua," mwalimu alisema taratibu. "Mingine huchipua mizizini."

Mvua za vuli zikanyesha. Mininga iliyoungua ikatoa majani mapya, na wanafunzi wakaipima. Mkongo haukutoa hata jani. Bibi alipopona alifuatana na Hanifa, akakwangua gome kwa kisu. Ndani palikuwa pakavu.

"Huu haurudi, mjukuu wangu."

"Hata nikimwagilia?"

"Hata ukimwagilia."

Wakakaa chini wakalia wote wawili. Kisha bibi akafungua pindo la kanga, akatoa mbegu ya mkongo, nyeusi yenye kofia nyekundu. Hanifa akanyoosha mkono. Bibi akampa panga.

"Njia ya moto kwanza. Mama yako hakuiruka kazi hii hata alipochoka. Mimi nimekusamehe, mwanangu, lakini mti ulioungua hausikii msamaha."

Hanifa alifyeka kukizunguka kile kijiti cheusi, akafagia mpaka udongo ukaonekana pande zote. Ndipo bibi akamfumbulia kiganja.