Shingo ya Fundi Cherehani

Fundi cherehani alikutwa asubuhi ameinamia mashine yake, paji la uso limepasuka, damu imelowesha suruali ya mteja. Majirani walishapitisha hukumu: wezi.

Inspekta alikagua mlango. Haukuvunjwa. Hakuna kilichoibwa, hata mkasi.

Mchana daktari aliyepasua maiti akampigia simu.

"Jeraha la usoni alilipata akianguka. Kilichomuua ni kiharusi."

"Basi hakuna kesi."

"Subiri, afande. Ateri ya shingo, ule mshipa unaopeleka damu kichwani, upande wa kushoto, imechanika kwa ndani. Damu imeganda pale, bonge likapanda mpaka kwenye ubongo. Mchaniko wenyewe ni wa siku kadhaa. Na shingoni pana alama za vidole."

Inspekta alimkuta mjane jikoni. Mwanawe wa pekee, mtu mzima mwenye mke, alikuwa amesimama nyuma yake.

"Pole kwa msiba, mama. Mzee alikuwa analalamika maumivu?"

"Shingo, na kichwa upande mmoja. Jicho la kushoto likalegea kope. Akasema amelala vibaya."

"Hospitali?"

"Alikataa katakata. Na joto lote hili, shati akawa anafunga mpaka kifungo cha juu."

"Nani alimkaba?"

Mjane akainamisha macho. "Alianguka bafuni."

"Bafu halina vidole, mama."

Kisha yule mwana akasema, "Mwache mama. Ni mimi."

Akajiachia akakaa sakafuni, mtu mwenye mabega mapana vile.

"Alinizaba kofi mbele ya wakwe zangu, eti nimemkatiza maneno. Mke wangu anatazama! Wageni walipoondoka nikamfuata chumbani, nikamkaba. Nilitaka aniombe radhi tu."

"Ungempeleka kwa daktari, pengine angepona."

"Nilimbembeleza, afande! Kope lilipolegea nilimpigia magoti." Akafunika uso. "Akaniuliza, 'Daktari akitaka kujua nani kanikaba, nimjibu nini? Mwanangu?' Akaniambia nifunge mlango, mama asisikie."

"Nilisikia," mjane akasema. "Nikanyamaza. Ningemwambia nani neno kama hilo?"

Inspekta akatoa pingu. Nje, waombolezaji walikuwa wamejaa mpaka barabarani.

"Afande," mjane akanong'ona, "nakuomba, mpitishe mlango wa nyuma."

Inspekta hakuweza kumtazama usoni. Akampitisha yule mwana mlango wa nyuma.